Moto wa Mlezi Mkuu

Msinione najisifu, lakini katika nchi zote zilizo chini ya jua hakuna serikali inayowapenda watu wake kama yetu. Serikali nyingine huwapenda watu wao wakati wa uchaguzi, kisha zikapumzika. Ya kwetu hutupenda mpaka tukiwa tumelala, na ikishaanza kukupenda huna pa kukimbilia.

Nchi yetu iko juu milimani. Kipupwe kikiingia, umande huganda barazani, mabomba hufunga, na barabara ya kushuka mjini hung'aa kama sahani iliyooshwa. Miaka yote tulikuwa na ushamba wetu wa kupambana na hali hiyo. Tulijifunika mablanketi, tukanywa uji wa moto, tukapita pembeni mwa barabara penye majani, na aliyeanguka tulimcheka kwanza, kisha tukamwinua. Hatukujua kwamba tulikuwa tunaishi hatarini.

Tulielimishwa mwaka ule Waziri wa Usalama wa Raia, Mheshimiwa Kilindo, alipoteleza kwenye ngazi za ofisi yake huku wimbo wa taifa unapigwa. Aliteremka ngazi zote kwa makalio, kofia imetangulia, mbele ya mabalozi. Wimbo haukukatizwa, kwa kuwa kuukatiza ni kosa. Mabalozi wakadhani ndiyo desturi ya nchi, na mmoja wao, mtu wa adabu sana, akakaa chini naye akateremka vivyo hivyo.

Jioni ile Mheshimiwa akalihutubia taifa redioni akiwa amesimama, maana kukaa alikuwa hawezi.

"Ndugu wananchi," alisema, "baridi imeingia nchini bila kibali. Haikupita mpakani, haikugongewa muhuri, haikusema imekuja kwa nani wala itaondoka lini. Tukaivumilia. Leo imethubutu kumgusa Waziri. Nauliza, kesho itamgusa nani?" Hapo akanyamaza, ili sote tumfikirie Mlezi Mkuu wa Taifa bila yeye kumtaja. "Kuanzia sasa baridi ni adui, na yeyote atakayeonekana nayo atahojiwa!"

Mimi naitwa Siwema. Ni mpiga chapa katika wizara ya huyo huyo Mheshimiwa, na hotuba ile niliipiga kwa vidole vyangu, machozi ya uzalendo yakinilengalenga. Mume wangu, Kabelwa, ni mwoka mikate. Hufanya kazi usiku, hulala mchana, na ana tabia ya kuuliza maswali. Aliposikia hotuba aliuliza moja tu.

"Sasa wataikamata vipi?"

Nikamwambia aache dharau.

*

Hawakuikamata. Walitukamata sisi, kwa usalama wetu.

Kikosi cha Milango kilipita mitaani na utepe mpana wa njano wenye nembo ya taifa. Kikaziba madirisha, kikaziba nyufa, kikaziba matundu ya funguo, na palipokuwa na tundu la panya kilimziba na panya. Mlango wenyewe ukawa unabandikwa kwa nje, na ni askari peke yake aliyeruhusiwa kuubandua. Ndani, kila kaya ikapewa jiko la mkaa. Bure kabisa! Ubavuni mwake kulikuwa na picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu, na moto ukikolea mashavu yake yaligeuka mekundu akaonekana mtu aliyeshiba.

Jiko lile lilikuwa na heshima zake. Picha haikuruhusiwa kutazama ukuta. Hakuruhusiwa mtu kuchomea mahindi. Na moto haukuruhusiwa kuzimika mpaka kipupwe kiishe, kwa sababu ulikuwa ndio upendo wa Mlezi Mkuu, na mtu anayezima upendo anajulikana ni mtu wa namna gani. Askari walipita wakiweka viganja kwenye milango. Mlango wa moto ulikuwa wa mzalendo. Mlango wa baridi waliubandua wakaingia kuuliza maswali.

"Kichwa kinanigonga tangu juzi," jirani yetu Bi Tunu aliniambia asubuhi moja tukifunguliwa kwenda msalani. Ni mjane wa chumba cha pili, mshona mashuka, mdomo hauna breki. "Nikisimama naona vyumba viwili."

"Wizara imeshatoa ufafanuzi," nikamtuliza. "Hiyo ni baridi inatoka mwilini."

"Mbona inatokea kichwani?"

Nikamkumbusha kwamba wizara ina wataalamu.

Njia ya kwenda kazini nayo ikawekwa salama. Wataalamu walipelekwa nchi za theluji, wakakaa hotelini mwezi mzima, wakarudi na mambo mawili: soksi zivaliwe juu ya viatu, na watu watembee kama bata, miguu imetanuka, mikono pembeni, bila haraka. Mambo yenyewe si mabaya. Juu ya barafu soksi hushika kweli, na bata ni nadra kuanguka. Ila sidhani kama huko waliwaona bata wamefungwa kamba.

Sisi tulifungwa. Kila asubuhi Afande Mbaruku, msimamizi wa baridi wa mtaa wetu, alibandua milango, akawatoa wafanyakazi, akabandika upya nyuma yetu, akatufunga viunoni kwenye Kamba ya Taifa. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na fundo lake halifunguki. Kamba ilipita kwanza nyumbani kwa Mheshimiwa Kilindo ili atupungie mkono, kisha ikazunguka uwanja wa mpira ili isikanyage mteremko, kisha ikasimama kila penye picha ya Mlezi Mkuu, na picha ni nyingi. Tulifika ofisini saa ya kutoka. Tuligusa mlango wa ofisi, tukageuka. Wizara ikatangaza kwamba makosa ya kazini yamekwisha kabisa.

*

Siku ninayotaka kuwasimulia ilianza vizuri. Kabelwa alikuwa amerudi kutoka kiwandani amechoka, akajitupa kitandani na unga ungali kwenye nyusi. Nikaongeza mkaa kama sheria inavyotaka, nikaigeuza picha imtazame, nikatoka. Afande akabandika.

Tulikuwa bado hatujafika kwa Mheshimiwa vipaza sauti vilipokohoa.

"Taarifa ya asubuhi! Wizara ina furaha kuwatangazia wananchi kwamba hadi sasa baridi haijamuua raia hata mmoja. Adui ameshindwa! Aidha, katika mtaa wa Bondeni, kaya kadhaa zimepata joto la kutosha, zimelala usingizi mzuri na bado hazijaamka. Wananchi wanaombwa wasizisumbue."

Watu wakapiga makofi kadiri kamba ilivyoruhusu. Mimi pia nikapiga. Mbele yangu alikuwa amefungwa Masalu, fundi viatu, mkazi wa huko huko Bondeni anayeungwa kwenye kamba yetu njiani, na yeye hakupiga.

"Dada Siwema," akasema bila kugeuka, "nyumbani umemwacha nani?"

"Shemeji yako. Katoka zamu, kalala."

"Na jiko?"

"Linawaka vizuri. Nimeliongezea mkaa mwenyewe."

Akatembea kama bata kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hao waliolala ni majirani zangu. Jana walipobandua mlango niliwaona wakitolewa. Midomo myekundu kama wamekula ubuyu. Watoto nao hivyo hivyo. Dada, ule si usingizi. Ni moshi wa mkaa, ule usioonekana. Umewamaliza, chumba hakina pa kupumulia."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka miguu ikasahau bata, nikaanza kutembea kama mtu, na nyuma yangu wakanipigia kelele kwamba navuta kamba. Nilimwona Kabelwa na nyusi zake zenye unga, na ile picha inamtazama.

"Afande!" nikaita. "Afande Mbaruku, nakuomba. Nataka kurudi nyumbani."

"Kurudi ni jioni, mama."

"Mume wangu yuko ndani, jiko linawaka."

"Yuko ndani, jiko linawaka," alirudia polepole, kama anayeonja asali. "Basi yuko salama. Wewe ndiye uko nje. Jihurumie mwenyewe."

"Anaweza kufa!"

"Kwa baridi?"

"Kwa joto!"

Akatabasamu kwa huruma, kama ambavyo mtu humtabasamia mtoto anayesema amemwona jini. "Joto ni la serikali, mama. Haliui."

"Basi nifungue niende mwenyewe."

"Mtu mmoja, barabarani, bila kamba? Unataka kujiua mbele yangu? Mimi nina watoto wanaonitegemea."

Nikavuta fundo mpaka kucha ikang'oka. Mbele kulikuwa na migongo, nyuma kulikuwa na vifua, na kamba yote ilikuwa inakwenda kwa Mheshimiwa kupungiwa mkono. Ilikuwepo njia moja tu ya kurudi nyumbani kabla ya jioni, nami niliijua kwa sababu niliipiga chapa mwenyewe: majeruhi wa baridi hurudishwa kwake kwa machela.

Basi nikaanguka.

*

Nilianguka kwa moyo wote. Bahati mbaya, kamba ni kamba. Nilipokwenda chini, Masalu alikuja juu yangu, na nyuma yangu walilala wauza mboga, walimu, na hakimu mmoja wa mahakama ya mwanzo. Mtaa mzima ukawa umelala barabarani na soksi zake juu.

"Nani kaanguka kwanza?" akauliza Afande.

"Mimi!"

"Mimi ni mzima, afande," Masalu akasema kutoka chini ya hakimu. "Nimeanguka kwa mshikamano."

Afande akachuchumaa kando yangu. Kuna maswali lazima yaulizwe, ili watu wasijiangushe ovyo. "Mama, ulipoteleza ulikuwa unatazama wapi?"

Ukisema chini, hukuwa na matumaini. Ukisema mbele, barafu uliiona na ukaikanyaga makusudi. Nililijua jibu.

"Nilikuwa namtazama Mlezi Mkuu," nikasema, nikaonyesha picha iliyo kwenye nguzo. "Macho yalinitoka machozi, nikakosa njia."

Afande akavua kofia. Akafuta pua. Akaniita dada badala ya mama, akamkabidhi askari mwingine kamba, akaamuru machela.

Walinitoa kwenye kamba, wakanilaza, wakanifunga mikanda kifuani, kiunoni na magotini. Kwa usalama wangu. Wabebaji wakainua, wakaanza safari, nao wakitembea kama bata. Machela ikawa inayumba huku na huku, na mimi naliona anga tu, jeupe, halina hata ndege.

"Kimbieni, jamani," nikawaomba.

"Haraka ndiyo inayoua, dada," Afande akajibu.

"Basi msisimame kwenye picha."

Akanitazama kama nimetukana. Tukasimama kwenye zote.

Kwenye picha ya mwisho tukakutana na msafara wa Mheshimiwa Kilindo. Hapo nikajua tumekwisha. Mheshimiwa alikuwa akitafuta majeruhi wa kupiga naye picha tangu kipupwe kianze. Alishuka garini ameshikwa kwapani kulia na kushoto, akasogezwa mpaka machelani.

"Ndugu wananchi," aliwaambia wapiga picha, maana wananchi wengine walikuwa wamefungiwa ndani, "mnamwona mama huyu. Adui amempiga. Je, amekata tamaa? Hapana! Tazameni macho yake. Anataka kusema kitu."

"Mheshimiwa, mume wangu..."

"Anamkumbuka mumewe! Hata katika maumivu!" Akanipapasa kichwa. "Mama, serikali haitakuacha. Serikali inakuongezea."

Akapiga makofi, na kutoka kwenye buti la gari likatolewa jiko lingine, jipya, limeshakolezwa. Wakalitundika kwa waya chini ya machela ili nisipoteze joto. Hotuba ikaendelea. Sikuisikia tena. Nilikuwa napiga kelele, na wapiga picha wakaniambia nifunge mdomo kidogo kwa sababu natoka vibaya.

*

Tulifika nyumbani mgongo umeniiva. Mlango ulikuwa na utepe wake wa njano, mzima, msafi. Afande akaugusa kwa kiganja, akaridhika.

"Wa moto kweli. Hongera."

"Bandua, afande!"

"Subiri, dada. Kuna sheria."

Ni kweli, ipo. Zamani askari wetu walikuwa wakiingia majumbani kwa buti, wanavunja kwanza, wanasalimia baadaye. Dunia ikatusema. Bunge likakaa, likapitisha Sheria ya Heshima ya Mlango: askari atasimama visigino pamoja, atapiga hodi mara tatu, na akikosa kukaribishwa ataondoka kwa amani. Dunia ikatupongeza. Tangu hapo, nyumba zinazovamiwa ni zile za watu wenye adabu ya kuitika.

"Hodi!" akasema Afande.

Kimya. Hata kukoroma hakukusikika, na Kabelwa hukoroma kama mashine ya kusaga.

"Nyumba ni yangu, afande! Mwenye nyumba hapigiwi hodi!"

"Wewe sasa hivi ni majeruhi. Majeruhi hana nyumba mpaka apokelewe. Hodi!"

"Karibuni!" nikapiga kelele kutoka machelani. "Karibuni ndani, jamani, karibuni!"

Afande akanigeukia. Alisikitika kweli, naapa. "Sauti imetoka nje, dada. Sheria inataka ya ndani."

Ilibaki hodi moja. Baada yake wangenigeuza, wakanipeleka kambi ya majeruhi nikangoje mwenyeji aamke. Nikajinyonganyonga kwenye mikanda. Haikulegea. Mume wangu alikuwa nyuma ya ubao mwembamba, naweza kuuona msumari alioupigilia mwenyewe, na mimi siwezi kunyoosha hata mkono.

Ndipo nikakumbuka bati. Nyumba yetu ni safu ya vyumba vya kupanga chini ya bati moja, na kuta za kati hazifiki juu. Aliyetupangisha aliishiwa tofali, au aliishiwa huruma. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha mwisho humwombea afya.

"Bi Tunu!" nikalia kwa nguvu zangu zote. "Bi Tunu, niitikie hodi! Kabelwa anakufa!"

"Hodi!" akasema Afande. Ya tatu.

Akangoja. Akakohoa kidogo. Akaanza kuvaa kofia. Na kutoka ndani, kupitia juu ya ukuta, ikashuka sauti nzito ya usingizi, imekwaruza.

"Karibu, baba! Pita ndani, pita, usiogope!"

Afande akasimama na kofia mkononi. "Huyo ndiye mumeo?"

"Ndiye."

"Ana sauti ya kike."

"Akiwa na usingizi," nikasema.

Akafikiri. Sheria haikusema lolote kuhusu aina ya sauti. Akabandua.

*

Joto lilitupiga usoni kama mtu amefungua tanuri la mikate. Kabelwa alikuwa kitandani alivyolala, chali, mdomo wazi. Midomo ilikuwa myekundu. Kando ya kitanda, Mlezi Mkuu anatabasamu, mashavu yake yamewaka.

Wabebaji wakanifungua mikanda ili wanikabidhi kwa mume. Sikungoja. Nilimshika Kabelwa kwapani, nikamvuta, akaanguka kwa kishindo, nikamburuta sakafuni mpaka mlangoni. Ni mtu mzito. Kwenye kizingiti nguvu zikaniishia, akabaki hapo, kichwa na kifua nje, miguu ndani.

"Dada!" Afande alishtuka. "Unamtoa mtu nje kwenye baridi amelala? Hilo ni jaribio la kuua!"

"Hajatoka, afande."

"Kichwa kiko nje."

"Miguu iko ndani. Mtu huhesabiwa kwa kichwa au kwa miguu?"

Nashukuru Mungu aliyemuumba Afande Mbaruku mtu wa sheria. Angekuwa mkatili tu, angemsukuma ndani kwa buti. Lakini alisimama, akashika kidevu. Akasema kwenye kamba watu huhesabiwa kwa viuno. Mbebaji mmoja akasema kwao mifugo huhesabiwa kwa vichwa. Mwingine akasema maiti hutangulizwa miguu, au ni kichwa, hakumbuki. Wakabishana, na hewa ya kipupwe, ile hewa isiyo na kibali, ikawa inapita juu ya uso wa mume wangu. Nilimpiga mashavu. Nilimwita jina. Nilimwambia mikate inaungua.

Kabelwa akakohoa. Kisha akatapika, akatapikia buti la serikali, akafungua macho.

"Nani kafungua mlango?" akanong'ona.

"Basi," Afande akakata shauri, anafuta buti. "Kichwa ndicho kinachohesabiwa. Amekuwa nje muda wote huu, maskini, tazama alivyoumia. Muingizeni."

Walituingiza wote wawili. Waliliingiza na jiko la Mheshimiwa, wakaliweka kando ya lile la kwanza, Mlezi Mkuu akitazamana na Mlezi Mkuu. Wakaongeza mkaa. Afande akatutakia afya njema kwa sauti yake ya kubembeleza. Mlango ukafungwa, na nikausikia utepe ukivutwa kwa nje, kwaa, juu, chini, pembeni.

*

Kabelwa alikaa ameegemea kitanda, kichwa mikononi. Nilitazama madirisha ya njano. Nilitazama majiko mawili. Nilikuwa nimeipenda serikali yangu miaka yote, na sasa nilikuwa na hasira nayo.

Juu ya lile jiko la kwanza kulikuwa na birika la chai nililomwekea Kabelwa ili akiamka asihangaike. Nikalishika kwa upindo wa kanga, nikamimina chai yote juu ya mkaa. Chwaaa! Mvuke ukaruka mpaka kwenye bati. Kwenye jiko la zawadi nikamwaga ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Chwaaa! Mashavu ya Mlezi Mkuu yakapauka, tabasamu likabaki.

"Siwema?" Sauti ya Bi Tunu ilishuka kutoka juu ya ukuta. "Nimesikia kitu. Umefanya nini?"

"Nimezima."

"Umemzima?"

"Nimemzima. Lakini haitoshi, Bi Tunu. Kuta hazifiki juu. Moshi wako unakuja kwetu, na wetu ulikuwa unakuja kwako. Hicho ndicho kichwa chako."

"Wakigusa mlango kesho?"

"Wakigusa kesho watatukuta hai."

Nilidhani ameogopa, na nisingemlaumu. Kisha upande wake, chwaaa. Akaita chumba cha tatu, akaeleza kwa maneno yake, ambayo siwezi kuyaandika. Chwaaa. Chumba cha nne walibishana mume na mke, mke akashinda. Chwaaa. Ikaenda hivyo chini ya bati, chumba kwa chumba, mpaka mwisho wa safu, kwa fundi redio, ambaye hana maji na alituambia tusiulize ametumia nini.

Nje, buti zikasimama.

"Kuna nini humo?" akaita Afande Mbaruku. "Sauti gani hizo?"

"Tunakunywa chai, afande!" akajibu Bi Tunu.

"Moto unawaka?"

"Unawaka!" ikajibu safu nzima, wanaume, wanawake na watoto, kwa sauti moja ambayo hata siku ya uhuru sijapata kuisikia.

Buti zikaondoka zimeridhika. Nikachukua kisu cha mkate, nikakata utepe chini ya dirisha, upana wa kiganja, hewa ikaingia na meno yake yote. Mlango ulikuwa bado mmoja, umebandikwa kwa nje, na asubuhi watakuja kuugusa. Nilivuta mablanketi yote mawili, nikajibana kando ya Kabelwa. Alikuwa anatetemeka. Nilisikiliza meno yake yakigongana na sikutaka yanyamaze.

"Siwema," akasema, "chai ipo?"

"Imekwisha. Nimeimwagia Serikali."

Akafikiri kidogo, gizani mle.

"Ilikuwa na sukari?"

"Ilikuwa nayo," nikasema, na hapo ndipo nilipolia.